Roboti ya Kuku Ilikuja Kwetu Zamani, Ila Haikuwa na Miguu



Hivi karibuni nilikuwa kwenye boti ya abiria kutoka Kigoma kwenda Kagunga. Tulipokuwa tunapita usawa wa Mwamgongo, kijana mmoja aliyekaa karibu yangu alinionyesha video kwenye simu yake. Ndani ya banda refu la kuku huko Ulaya, kimashine chenye magurudumu kilikuwa kinatembea peke yake katikati ya kuku, nao wanakipisha kama wanavyompisha mtu. "Bwana mifugo," akaniuliza, "hii itafika lini Kagunga?" Mama mmoja nyuma yetu akadakia kwamba ikifika itachukuliwa na nyani wa Gombe. Boti nzima ikacheka, na swali likaishia hapo.

Lakini swali lilikuwa la maana. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, wengi wenu mlikuja kuniuliza habari za kuku, na mliuliza kwa sababu nyumbani hakukuwa na kitu. Mtu aliye katika hali hiyo akiona mashine inayolea kuku yenyewe, lazima ajiulize kama ndiyo njia yake ya kutokea. Kabla hujapeleka fedha ya mchezo dukani, nataka ujue mashine hizi zilitoka wapi, nani alizihitaji na kwa nini. Historia hiyo itakusaidia kuamua kuliko bei iliyoandikwa kwenye tangazo.

Tuanze na neno lenyewe. "Roboti" lilitoka kwenye tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyoandikwa mwaka 1920. Alilichukua kutoka neno la kwao linalomaanisha kazi ya shuruti, ile ambayo mkulima alilazimika kumfanyia bwana wa shamba. Sisi wa Buha hatuhitaji kamusi kulielewa. Babu zetu waliokwenda Tanga kukata mkonge waliitwa manamba, watu wa namba. Roboti ni manamba wa chuma. Kwa hiyo ukiiona mahali popote, swali la kwanza ni hili: hapo palikuwa na kazi gani ambayo watu hawakutaka kuifanya, au mwenye shamba hakutaka kuilipia?

Kwa kuku, kazi ya kwanza kuondolewa mikononi mwa kiumbe hai ilikuwa ya kuatamia.

Mtetea akiatamia siku 21 hatagi. Akitoka na vifaranga, wiki nyingi zinapita kabla hajarudi kutaga. Wamisri waliliona hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Walijenga matanuri ya matofali ya udongo, mayai kwa maelfu yakipangwa chini na moto wa samadi na makapi ukifuka chumba cha juu. Hawakuwa na kipimajoto. Mlinzi wa tanuri alichukua yai na kuligusisha kwenye kope la jicho lake, na ngozi ile nyembamba ikamwambia kama joto limezidi au limepungua. Kazi hiyo baba alimfundisha mwanawe, na mlinzi aliishi humo humo ndani na mayai mpaka yaanguliwe. Mfaransa Réaumur, mtaalamu mkubwa wa vipimajoto, aliandika kitabu mwaka 1749 kuhusu jinsi ya kutotolesha kwa namna hiyo Ufaransa. Haikushika. Ulaya ilikuwa na baridi, na wale watu wenye kope zilizozoea hawakuwepo.

(Mbinu ya kope bado inafanya kazi. Kipimajoto chako kikipasuka usiku, jaribu. Yai likikuchoma kopeni, lina joto la kupita kiasi. Ukihisi ubaridi, washa taa.)

Sasa fika kwa Mholanzi aliyeitwa Cornelis Drebbel. Mwanzoni mwa miaka ya 1600 aliishi Uingereza, akafanya kazi kwa mfalme James wa Kwanza. Alitengeneza tanuri la kutotolesha mayai, na ndani yake akaweka chombo cha kioo chenye spiriti iliyogusana na zebaki. Joto likipanda, spiriti ilivimba na kuisukuma zebaki juu. Zebaki ikainua kijiti, kijiti kikafunika tundu la moshi, moto ukakosa hewa na kupungua. Joto likishuka, kila kitu kilirudi nyuma na tundu likafunguka. Hakuna aliyegusa kitu.

Wanaoandika historia ya mitambo huitaja mashine hiyo miongoni mwa za kwanza duniani zilizojipima na kujirekebisha zenyewe. Ninapenda kulirudia hili kwa wafugaji kwa sababu kichwani mwetu roboti ni jambo la viwanda vya magari. Kumbe mojawapo ya mashine za mwanzo kujiongoza zenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya vifaranga, karibu miaka 300 kabla neno roboti halijazaliwa.

Baada ya Drebbel walikuja wengine. Mfaransa Bonnemain aliboresha kirekebisha joto katika miaka ya 1770. Mwingereza Hearson mwaka 1881 alitumia kifuko kidogo cha etha kilichovimba na kunywea. Huko Petaluma, California, Lyman Byce na mwenzake walitengeneza mashine yao mwaka 1879, na mji ule ukageuka kuwa mji wa mayai. Angalia jambo moja hapo: mashine nyingi za wakati huo ziliendeshwa kwa taa ya mafuta, ndugu yake chemli uliyonayo nyumbani. Hazikuhitaji umeme hata kidogo. Nitalirudia hili mbele, maana umeme ndio uliotuangusha hapa kwetu.

Kwa hiyo roboti ya kuku tayari tunayo mwambaoni. Lile sanduku la Kichina la plastiki lenye kioo kidogo cha namba, linalowasha balbu likipoa na kugeuza mayai kila baada ya saa chache, ni mjukuu wa Drebbel. Halina miguu tu.

Yenye miguu, au tuseme magurudumu, ilikuja kwa njia nyingine. Katika karne ya 20 nchi tajiri ziliwaweka kuku wa mayai kwenye vizimba vya waya. Yai likitagwa linabingirika hadi kwenye mkanda, na mkanda unalipeleka nje. Chakula kinakuja kwa mnyororo, maji kwa chuchu, kinyesi kinaondoka kwa mkanda mwingine. Mtu mmoja alihudumia maelfu ya kuku bila kuinama. Kisha watu wakaanza kulalamikia mateso ya kuku wasioweza hata kukunjua mabawa, na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku vizimba vile vya zamani kuanzia Januari 2012. Kuku wengi wakashushwa chini.

Kuku akiwa chini, unajua wewe mwenyewe anafanya nini. Anataga anapotaka, kwenye kona, nyuma ya mlango, chini ya chombo cha chakula. Kwa mwenye kuku 15 huo ni mchezo wa watoto wa asubuhi. Kwa mwenye kuku 20,000 ni mtu wa kulipwa mshahara wa Ulaya azunguke banda kila siku akiinama kwenye vumbi na hewa kali ya amonia, na yai lisipookotwa mapema kuku wengine wanafuata mfano na kutaga hapo hapo. Hiyo ndiyo kazi iliyoita manamba wa chuma.

Uholanzi, katika Chuo Kikuu cha Wageningen, walijenga mashine waliyoiita PoultryBot ili izunguke banda na kuokota mayai ya sakafuni. Ilitembea vizuri na ilijua kuwakwepa kuku, lakini katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018 iliokota chini kidogo ya nusu ya mayai iliyowekewa. Mtoto wa darasa la pili wa Zashe angefanya vizuri zaidi. Ufaransa, kampuni ya Tibot ilikuja na wazo jepesi zaidi: kiroboti cha kuzunguka tu na kuwasumbua kuku wasitulie sakafuni, ili waende kutaga kwenye viota. Hispania, kampuni ya Faromatics ilitundika yake darini kwenye reli ili isikanyagane na kuku. Inapita juu ikipima joto na hewa, ikiangalia kinyesi na kutafuta mizoga, halafu inamtumia mfugaji taarifa kwenye simu. Kampuni ya mitambo ya AGCO iliinunua Faromatics mwaka 2021. Zipo pia za kupulizia dawa na za kuchanua maranda yasigande.

Kuna sababu nyingine ya mashine hizi, na kwetu hii ndiyo inayogusa. Mtu anayetoka banda hili kwenda lile hubeba ugonjwa kwenye viatu. Mashine isiyotoka nje ya banda haibebi.

Usisahau hata hivyo kwamba kuku hajali nani ni mashine. Uswisi, watafiti wa chuo cha EPFL cha Lausanne walitengeneza roboti waliyoiita PoulBot. Vifaranga walioonyeshwa roboti hiyo mapema maishani waliifuata kama mama yao. Wewe unayewaweka vifaranga wa bata chini ya mtetea wa kuku unalijua jambo hilo bila kwenda Lausanne.

Sasa tuje Tanzania. Wafugaji wa kibiashara wa nchi hii hawajakaa wakisubiri roboti ya magurudumu. Historia yao ni ya kutafuta vifaranga. Serikali ilizuia kuingiza vifaranga kutoka nje mwaka 2006 kwa hofu ya mafua ya ndege, na mnajua jinsi mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya walivyochomwa moto Namanga. Mimi sikupenda namna ile, lakini jambo lenyewe lilionyesha pengo lilipo. Nchi ilikuwa na njaa ya vifaranga. Vituo vikubwa vya kutotolesha vikajengwa, Silverlands kule Ihemi, Iringa, ni mfano mmoja, na kuku chotara aina ya Sasso na Kuroiler wakaenea. Ndani ya vituo hivyo mitambo inajirekebisha joto, unyevu na hewa yenyewe. Kifaranga uliyemnunua mjini Kigoma kwenye boksi la matundu amezaliwa na roboti, kama hukujua.

Lakini Kagunga ni Kagunga. Nyuma mlima, mbele ziwa, mpaka wa Burundi ubavuni. Wanaoshughulika na wakimbizi walilijua hilo Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya Warundi walipojaa kwenye ufukwe wetu na kipindupindu kikaingia, na njia ya kuwatoa ikawa maji, kwa meli ya MV Liemba na vyombo vingine. Kinachowashinda watu wengi kutoka pwani hii kitaishinda pia mashine yenye kioo na waya.

Nitakuambia kosa langu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilibeba chanjo ya mdondo kutoka mjini kwenye chupa ya barafu. Ilikuwa chanjo ya kawaida, ile inayotaka ubaridi muda wote. Boti ilichelewa kujaza abiria, kisha upepo ukatuweka pembeni ya ufuko nusu siku. Nilipofika barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Watu walikuwa wamenisubiri tangu alfajiri, kuku wamefungwa miguu. Nilipaswa kusema imeharibika. Sikusema. Nilichanja. Wiki chache baadaye mdondo ulipita, shingo zikajipinda, vinyesi vya kijani kila mahali, na waliochanja walikosa kuku sawa na wasiochanja. Mama mmoja alipoteza kuku 31 aliokuwa amewatengea ada ya mtoto. Hadi leo nikimwona sokoni namwamkia mimi kwanza.

Mdondo ndio muuaji wetu namba moja. Dunia iliutambua mwaka 1926, Java na katika mji wa Newcastle nchini Uingereza karibu wakati mmoja, na hadi sasa hauna tiba. Kinga tu. Na kilichobadilisha mambo vijijini mwa Afrika hakikuwa mashine. Ilikuwa chanjo ya I-2, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na timu ya Profesa Peter Spradbrow kwa ajili ya vijiji visivyo na friji. Inavumilia joto kuliko zile za zamani, na mbegu yake ilitolewa kwa nchi kama zetu bila malipo ili zijizalishie. Hapa kwetu ilijaribiwa na kuzalishwa katika maabara ya mifugo ya Temeke. Tone moja kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudia kila baada ya miezi 3 hadi 4. Isifikiriwe kuwa haina masharti: ihifadhi mahali pa baridi kadiri uwezavyo, ikinge na jua, na ukishaichanganya itumie siku hiyo hiyo. Hata hivyo inasamehe ucheleweshaji wa boti. Ningekuwa nayo siku ile, yule mama angelipa ada.

Roboti ya kudondoshea kuku wa kienyeji tone la jicho, kuku anayelala juu ya mwembe, bado sijaiona.

Kama kuna mashine inayojiongoza ambayo ningeiombea Kagunga, basi inaruka. Mwaka 2018, DHL, GIZ na kampuni ya Wingcopter walirusha ndege isiyo na rubani kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe kwa miezi 6 ya majaribio, ikibeba dawa. Ilikwenda kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, juu ya ziwa, bila mtu ndani. Majirani zetu Rwanda walianza mwaka 2016 na Zipline kubeba damu ya wagonjwa kutoka Muhanga, baadaye wakaongeza hata mahitaji ya mifugo. Kwetu Zipline ilitangazwa mwaka 2017 kwamba ingeanza mwaka uliofuata, na haikuanza kama ilivyotangazwa. Hata hivyo hizo ndizo roboti za watu wa ziwa. Nusu siku ile ufukoni ingekuwa dakika 40.

Nirudi kwenye sanduku la kutotolesha, maana ndilo unaloweza kulinunua kesho. Kikundi kimoja cha akina mama huku mwambaoni kilichanga fedha kikanunua lile la mayai mengi, linalojigeuza lenyewe. Mzunguko wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili, siku ya 17, umeme wa sola uliisha usiku wa mawingu na asubuhi mayai yote yalikuwa yamepoa. Wa tatu hawakuujaribu. Sanduku sasa linahifadhi sabuni.

Sikulaumu mashine wala akina mama. Hakuna aliyewaambia kwamba mwenzake wa Petaluma alikuwa na taa. Ukinunua sanduku, chimba au jenga na akiba yake: chupa za maji ya moto za kuzungusha mayai, blanketi, chemli ya kuwasha kwenye chumba kile kile, na mtu wa kuamka. Kipimajoto cha pili, cha kioo, weka usawa wa mayai usiamini namba za nje peke yake. Lenye feni lishike nyuzi 37.5 hadi 37.8. Lisilo na feni linataka zaidi, karibu 38.5 ukipima juu ya mayai. Acha kugeuza siku ya 18. Na kama una mitetea 5 wanaoatamia vizuri, wape mayai siku moja wote, halafu wakitotoa wape vifaranga wote mitetea 2 wawalee. Wale 3 warudi kutaga. Hiyo nayo ni teknolojia, na haina betri.

Halafu uliza nani ataitengeneza. Meli ya Liemba ililetwa Kigoma vipande vipande kwenye masanduku kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaunganishwa hapa mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani walipoona wanashindwa vita waliizamisha wenyewe, lakini mafundi walipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mashine inafaa, na mwaka 1927 ikarudi majini. Mafundi wa Kigoma wamekuwa wakiifungua na kuifunga tangu hapo. Sanduku la plastiki lililozibwa kwa gundi, ambalo hakuna fundi kuanzia Mwanga hadi Ujiji mwenye kipuri chake, halitakaa majira mawili. Lenye kirekebisha joto cha kuchomoa na balbu za kawaida, fundi redio yeyote atalifufua.

Yule kijana wa kwenye boti alinipigia wiki iliyopita. Amepata friji bovu, amelitoboa matundu ya hewa, anatafuta kirekebisha joto. Nimemwambia asiweke mayai ya kununua hata moja kabla sanduku halijashika joto siku 3 mfululizo likiwa tupu, usiku na mchana, na aniandikie namba kila saa 4. Nitaziona nikifika.

Nitakuwa Kiziba, Zashe na Kagunga kwa mzunguko ujao wa chanjo. Siku nitawatangazia kupitia wenyeviti wa vitongoji. Fungieni kuku usiku wa kuamkia siku hiyo, pamoja na wale wa mwembeni, na vifaranga pia mje nao.